Cherehani Haikuwa Nzito

Polepole si mwendo; polepole ni dalili. Baba yangu, fundi cherehani, kila hatua hamsini alisimama mbele ya duka la mtu akajifanya anakagua mishono ya nguo zilizotundikwa. Shavu la mguu wa kulia lilibana, likaachia, naye akaendelea.

Kazini alilaumu cherehani. "Imekuwa nzito." Akaitia mafuta, akabadilisha mkanda. Nilipoikanyaga mimi, ilikwenda kama maji.

"Baba, kizito ni mguu."

"Uzee huo, mama. Endelea kukunja pindo."

Siku niliyofua soksi zake nilikuta usaha. Mkasi ulikuwa umemwangukia kidole gumba cha mguu huohuo miezi miwili nyuma, na kidonda bado kibichi.

"Twende kliniki, lakini hicho usikitaje," alisema. "Na sigara zangu pia, funga domo."

Kliniki alikataa kuvua soksi. Aliikunja tu hadi kisigino. Muuguzi akampima presha mkononi, kisha juu ya kifundo cha mguu, akipaka jeli na kusogeza kidude kama kalamu kinachosikiliza damu. Mkononi damu ilivuma. Mguuni ilinong'ona.

"Mkono mia na arobaini, mguu sabini," alisema muuguzi. "Vinapaswa kukaribiana, mzee. Mishipa inayoshusha damu mguuni imekuwa myembamba."

Baba, mtu wa kupima kwa futi, alielewa haraka kuliko mimi. "Yaani mguu umepata nusu kitambaa."

"Hasa. Una kidonda? Unavuta?"

"Hapana. Hapana."

Nikaivuta soksi. Nikataja pakiti moja kwa siku, tangu sijazaliwa.

Daktari aliitwa, akakiinamia kidole. "Dawa zinaanza leo. Kesho asubuhi tunapiga picha ya mishipa. Sigara, basi. Mngengoja zaidi, tungekuwa tunazungumzia kukata."

Nje, Baba alifoka. "Umenivua nguo mbele ya daktari niliyemshonea suti ya harusi! Niombe radhi."

Hatua hamsini, mguu ukambana. Safari hii hapakuwa na duka, ukuta mtupu tu. Akaniegemea begani, mzito, mikono yake ikinuka mafuta ya cherehani.

"Nasubiri," alisema.

"Pumzika kwanza, Baba. Soksi nimevua, sigara nimesema, na radhi siombi."