Kitambaa Cheusi cha Madamu

Dada yangu alikuwa amefua taulo za saluni ile kwa miezi saba. Siku hiyo alitakiwa kunyoa uso mmoja tu, malaika, vile vinyweleo laini, na ngozi iliyokufa vitoke, uso ubaki laini. Akifaulu, anaacha taulo na kupewa kiti chake cha kuhudumia wateja. Akifeli, hakuna marudio. Uso alitakiwa aje nao mwenyewe, akaja na wa mama mdogo.

Kwa kazi hiyo ulikuwa uso wa kupigiwa mfano. Mama mdogo akisimama dirishani jua likampiga upande, utadhani mashavu yanafuka moshi.

Mimi nilikaa kwenye benchi la wateja na kazi moja: kunyamaza.

Mwenye saluni, tuliyemwita Madamu, mwanamke asiyecheka hata akitekenywa, alikuwa na kipimo kimoja. Wembe wa uso, ule mwembamba wenye mpini kama mswaki, ukishapita mara kumi unafutwa kwenye kitambaa cheusi. Kitambaa kikipata unga mweupe na vinyweleo, mkono unafanya kazi. Kikibaki safi, mkono unaigiza.

Dada alinawa, akavaa glovu, akamfuta mama mdogo uso kwa dawa na kungoja ukauke. Akavuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili, akaulaza wembe, akaanza kushuka kwa mapito mafupi mafupi kuelekea taya.

"Usikunje uso, mama mdogo."

"Sijakunja. Ndivyo nilivyozaliwa."

"Mwambie alegeze kidogo alivyozaliwa," nikachangia.

Madamu alinitazama kupitia kioo. Nikarudi kazini kwangu.

Mara kumi. Dada akafuta wembe. Kitambaa kikabaki cheusi kama kilivyotoka dukani. Akahamia shavu la pili, vilevile. Tena wembe ukipita kwenye malaika huwa unasikika, kama mtu anakwangua vocha chumba cha pili. Huu ulikuwa kimya kabisa.

"Wembe umekufa?" Madamu akauliza.

"Mpya, Madamu. Nimeufungua mbele yako."

"Basi mkono ndio umekufa. Kaza."

Dada hakukaza. Alivua glovu moja, akapitisha mgongo wa mkono kwenye shavu la mama mdogo, juu kwenda chini, halafu chini kwenda juu. Akainama kuangalia chini ya taya. Palikuwa na vidoa vyekundu, vidogo vidogo, bado vibichi.

"Mama mdogo, ulijinyoa?"

Mama mdogo akafumba macho.

"Mama mdogo!"

"Asubuhi," akajibu bila kuyafumbua. "Kidogo tu. Kwa wembe wa baba yenu mdogo."

"Jamani, kwa nini?"

"Ulitaka nije kuanika ndevu zangu mbele ya watu na heshima zao? Nikasema nipunguze, nyinyi mmalizie."

Huyu ni mtu anayedeki nyumba ndipo amwite wa kudeki. Nilichukua taulo iliyokuwa karibu nikaing'ata nisicheke.

"Muda unakwenda," Madamu akasema. "Kaza, kitu kitatoka."

Ni kweli kingetoka. Ukikaza kwenye ngozi iliyonyolewa asubuhi kitu hutoka, ila si cheupe. Dada alilijua hilo. Mama mdogo naye alilijua, maana alishika mikono ya kiti na kusema, "Kaza tu mwanangu, mimi navumilia. Nimezaa wanne."

Dada aliutazama wembe, kisha akautumbukiza kwenye kopo la nyembe zilizotumika.

"Ngozi hii imeshanyolewa leo, Madamu. Sirudii."

"Basi umefeli."

"Sawa."

Akachukua jeli ya baridi akaanza kumpaka mama mdogo, ambaye sasa alikuwa akilia, machozi yakichimba mifereji kwenye jeli, na dada akiifukia mmoja mmoja.

Madamu alikuja akalipapasa lile shavu mwenyewe. Alikaa pale muda mrefu kuliko shavu lilivyohitaji.

"Ulipapasa uso baada ya mapito ishirini," akasema. "Ulitakiwa kupapasa kabla ya la kwanza. Kwa nini hukupapasa?"

"Nilidhani namjua."

"Mteja hajulikani, hata awe mama yako." Akakikunja kitambaa. "Lakini nimekwambia kaza mara mbili, na hukukaza. Jumatatu, saa nne. Njoo na uso mwingine."

Dada akageuka akanitazama. Madamu naye. Mama mdogo akafumbua jicho moja lililojaa jeli, akanitazama pia.

"Mimi sina kitu," nikasema. "Mimi ni laini."

Madamu akapitisha mgongo wa mkono juu ya mdomo wangu.

"Msichana wa watu," akasema, "unafaa sana. Na usiguse hata kinyweleo kimoja mpaka Jumatatu."

"Hatagusa," dada akasema, akabeba beseni la taulo. "Nyembe zote za nyumbani nalala nazo mimi."