Urefu wa Ngazi

Mzee Kijivu alipandisha rola hadi mpini ukaisha, akanyoosha mkono hadi bega likalia, na bado mchoro ukabaki juu yake kwa shibiri moja. Alishuka ngazi kidato baada ya kidato, magoti yakimteta njia nzima, akaketi juu ya ndoo ya rangi.

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake katika manispaa ilikuwa hiyo hiyo: kufuta kwa rangi ya kijivu michoro ambayo watu wasiojulikana waliiacha kwenye kuta za umma. Rangi ndiyo iliyompa jina. Wenzake wa karakana walidai hata chai yake ilikuwa ya kijivu. Alifuta kuanzia juu kwenda chini, pua ikikaribia kugusa ukuta, wala hakuwahi kurudi nyuma kutazama alichokuwa akikifuta. Ya nini? Kesho kulikuwa na ukuta mwingine.

Lakini mchoro huu, uliokaa chini kidogo ya paa la ghala la nafaka, ulimshinda, na kwa kuwa ulimshinda alilazimika kuutazama. Ulikuwa wa mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, amevua viatu, kisigino kimoja kimepandishwa juu ya mguu wa pili. Marehemu mkewe, aliyefua mashuka ya hospitali hadi mwaka wake wa mwisho, ndivyo alivyoketi kila aliporudi kazini. Mzee hakuwahi kumwona mtu mwingine akikaa vile.

Akaifikiria ile shibiri. Ngazi ya kazi ililala kwenye ukumbi wa nyumba aliyoishi na binti yake, pamoja na rola na mpini wake, tangu karakana ilipovunjwa na wezi. Ni nani mwingine aliyeweza kuvipima, kisha akaanza kuchora palipoishia mkono wake?

Ndipo alipoliona bomba la maji ya mvua, ukingoni mwa paa. Lilikuwa limekwaruzwa na kamba, na bano lake moja limeng'oka ukutani. Mtu alikuwa amening'inia pale.

Msimamizi wake, mwanamke asiyependa maneno mengi, alipita kwa pikipiki akamwarifu kwamba wiki ijayo inaletwa ngazi ya kufika paani. Kama magoti hayawezi, aseme, apewe mwingine. Mzee akajibu kwamba yanaweza. Alijibu kwa mazoea tu, kama mtu anayeitikia salamu.

Jioni alimkuta binti yake jikoni akimenya vitunguu. Binti alimpokea mfuko, akamuuliza habari za magoti. Mzee akamwambia kwamba leo amemwona mama yake, juu ya ghala. Kisu kikasimama.

"Umechelewa, baba," binti alisema. "Nilimchora kwanza ukuta wa stendi, chini kabisa, hata mtoto angemgusa. Ukamfuta. Nikamchora sokoni, ukamfuta. Mara saba, baba. Na kila jioni unarudi hapa, unaniomba nikukande mgongo, wala husemi kitu."

"Sikumwona, mama."

"Najua. Ndiyo maana nikapanda."

Mzee akamweleza habari za lile bano. Binti alijua, alikwishalisikia likilia mara mbili. Akamweleza pia habari za ngazi mpya, na binti akasema kwamba mnara wa tangi la maji ni mrefu kuliko ghala. Hakusema kwa kiburi. Alisema kwa uchovu, uchovu uleule wa yule aliyevua viatu, na baba yake akaelewa kwamba kila ukuta alioupaka rangi ulikuwa kidato alichompandishia mwanawe. Na baada ya mnara hakukuwa na vidato tena.

Aliketi. Alikuwa amechoka mno kufoka, na hata angefoka, angemfokea nani?

"Rudi ukuta wa stendi," alisema. "Mchore chini. Fomu nitaijaza kwamba nimefuta."

"Utamwaga unga, baba."

"Magoti yalishaumwaga zamani. Bado kuzoa tu."

Binti alikiweka kisu mezani.

"Na ukipita hapo, utamtazama?"

"Nitakaa nimtazame."

Alhamisi asubuhi ukuta wa stendi ulikuwa na mwanamke kwenye kiti cha plastiki, vidole vyake vya miguu vikikaribia kugusa lami, na rangi yake ilikuwa mbichi bado. Yule wa ghalani angefutwa wiki ijayo kwa ngazi mpya. Hilo walikwishakubaliana, naye binti alikuwa ameleta kamba yake mwenyewe na kuilaza kando ya ngazi ukumbini. Mzee Kijivu alitoa fomu mfukoni na kuandika kwamba ukuta umefutwa. Lilikuwa neno lake la kwanza la uongo katika miaka ishirini na miwili.

Akahesabu hatua tano kurudi nyuma, akaweka ndoo, akaketi, akavua viatu. Kwa mbali pikipiki ya msimamizi ilisikika ikipunguza mwendo kwenye kona. Hakuinuka.