Kifungu cha Tisa

Zabuni ya kujenga hospitali ya serikali ilikuwa ifungwe saa nne kamili asubuhi. Saa tatu na dakika kumi mkandarasi alikuwa bado kwenye ofisi ya chama cha mafundi, maji yamemfika shingoni, akimbembeleza shemeji yake agonge muhuri.

Shemeji huyo, mjane wa kaka yake, ndiye aliyekuwa katibu wa chama. Mafundi walimwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia unyoofu wa ukuta, kwa sababu hakujua kupinda. Sheria ilikuwa mpya: asiyeambatisha mkataba na wafanyakazi, bahasha yake haifunguliwi. Wafanyakazi wanaahidi kutogoma mpaka jengo liishe. Naye mkandarasi anaahidi mambo yake.

"Gonga tu, shemeji. Si tulishakubaliana?"

Timazi alisoma huku kidole kikifuata mistari. Kikasimama.

"Kifungu cha tisa kiko wapi?"

"Mwanasheria alikifupisha."

"Amekifupisha mpaka kikafa?"

Kifungu hicho kilimruhusu fundi kukataa kupanda jukwaa la ujenzi asiloliamini, bila kufukuzwa kazi. Wote wawili walijua kimetoka wapi.

"Kila mvivu atasema jukwaa bovu," mkandarasi alisema, akitazama saa. "Na ukinikatalia, watu wako mia na ishirini wanarudi kulala nyumbani. Hilo umelipima?"

Alikuwa amelipima. Dirishani aliwaona wamejaa uani, wamekalia masanduku ya vifaa, macho yote mlangoni. Akauchukua muhuri. Akauficha chini ya meza.

"Kabla hajaanguka, kaka yako alisema ubao wa jukwaa umeoza," alisema polepole. "Hakumwambia nyapara. Alikwambia wewe."

Miaka mitatu maneno hayo hayakuwahi kutamkwa, si msibani, si kwenye vikao vya ukoo. Mkandarasi aliinamisha kichwa. Kisha akavuta karatasi, akatoa kalamu.

"Asiloliamini, au asiloliona salama?"

"Asiloliamini."

Akakiandika kifungu pembeni kwa mkono wake. Wakatia sahihi wote wawili, muhuri ukagongwa, wakakimbilia gari.

Kwenye jengo la serikali walipanda ngazi mbilimbili. Karani alikuwa ameshaweka kiganja juu ya sanduku.

"Bado dakika mbili, mzee. Tumbukiza."

Bahasha ikaingia. Mkandarasi akarudi nje, akaketi kwenye ngazi.

"Nilidhani anatania," alisema. "Si unamjua alivyokuwa. Kila kitu utani."

Timazi hakumwambia nimekusamehe, maana hakuwa amemsamehe. Lakini aliketi karibu naye, na hawakuondoka mpaka mkandarasi alipomaliza kulia.

Kazi mkandarasi aliipata, wiki tatu baadaye. Wapo mafundi wanaomlaumu Timazi mpaka leo kwamba alicheza pata potea na riziki zao. Naye hawabishii. Anasema siku ile mkono ulimtetemeka hadi jioni, hata kikombe cha chai kilimshinda.