Simu Yenye Adabu

Kabla hajavaa meno, Mzee alikuwa keshajua nani kafa. Ndivyo alivyoianza kila siku tangu alipostaafu: simu mkononi, miwani puani, mdomo mtupu umekunjamana, na kila balaa la dunia likipita mbele ya macho yake. Basi limepinduka. Ghorofa limeporomoka. Mtu fulani, ambaye Mzee hakuwahi hata kumsikia, ametangulia mbele ya haki. Akishamaliza huko ndipo anapovaa meno na kuja mezani kuutangazia umma, na umma wenyewe ulikuwa bintiye peke yake, maana waliishi wawili tu.

"Unajua wameungua watu wangapi?"

"Baba, nakunywa chai."

"Chai haiwarudishi."

Meno hayo aliyatengeneza bintiye huyo huyo. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, ana kichumba chake nyuma ya kliniki, meza imejaa plasta na nta, na majirani walimwita Fundi hivyo hivyo, bila kuongeza neno. Mwanamke wa mkono mwepesi na subira kubwa, ila alikuwa amezoea kwamba kinachouma hukwanguliwa. Mgonjwa akisema hapa panabana, anakwangua kidogo. Akisema bado, anakwangua tena, mpaka mtu acheke mwenyewe. Kazi nzuri sana, lakini ikikukaa kichwani unaweza kudhani dunia nzima ni ufizi.

Presha ya Mzee ilipopanda mpaka akaanguka bafuni, daktari alimvuta Fundi kando, akamwambia mzee aepushwe na mambo ya kumtia hofu. Hakusema zaidi ya hapo. Aliyeitazama ile simu kwa jicho baya ni Fundi mwenyewe.

Jioni hiyo, Mzee akiwa amelala kwa nguvu za dawa, aliichukua. Mle ndani mlikuwa na kisaidizi cha kuchagua habari na ujumbe kulingana na mtu anavyopenda, kimekaa tu tangu simu inunuliwe, hakuna aliyewahi kukiuliza kitu. Kilikuwa na adabu zake. Ungependa kuona nini zaidi? Fundi akaandika: kuku, bustani, mpira, muziki wa zamani, vichekesho. Na nini usingependa kukiona? Hapo hakusita hata kidogo. Kifo. Ajali. Msiba. Jeneza. Mazishi. Marehemu. Simu ikamshukuru, ikaahidi kwamba habari yoyote au ujumbe wowote wenye maneno hayo hautamsumbua tena. Fundi akaenda kulala na moyo mweupe.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu kila kitu. Na cha kusikitisha ni kwamba alilijua tangu utotoni.

Zamani Mzee na rafiki yake mmoja walikuwa mafundi katika karakana ya mabehewa ya treni. Siku moja paa la stoo lilianguka, na mtu mmoja mwenye kiherehere akakimbia mitaani kutangaza kuwa wawili wale wamekwisha. Kumbe walikuwa wametega kazi, wako nyuma ya ukuta wanavuta sigara zao. Waliporudi nyumbani walikuta ua umejaa watu wanawalilia, na shemeji mmoja keshaanza kupima viatu. Tangu siku hiyo hawakuitana tena kwa majina. Kila mmoja alikuwa Marehemu kwa mwenzake, iwe kazini, iwe harusini, iwe mbele ya wakwe. Fundi, aliyemwita rafiki huyo Baba Mkubwa ingawa hawakuwa ndugu wa damu, alikua akidhani kila mwanamume ana marehemu wake.

Uzeeni Baba Mkubwa alihamia kwa mwanawe, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na nyundo za karakana, kwa hiyo kumpigia simu ilikuwa kazi bure. Wakawa wanaandikiana. "Marehemu, umeamka au nije na jembe?" "Njoo nalo, Marehemu, ila anza kwa kuchimba lako." Kila siku upuuzi ule ule, na kila siku Mzee alicheka mpaka akapaliwa.

Lakini jioni ile Fundi hakuwa akimfikiria Baba Mkubwa. Alikuwa akimfikiria baba yake sakafuni, shavu limelala juu ya vigae. Mimi siwezi kumlaumu sana, na wala hahitaji msaada wangu. Kazi hiyo ya kujilaumu anaiweza mwenyewe.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Simu ilimletea Mzee kuku. Ikaona anawatazama, ikamletea wengine: wa mayai, wa nyama, wenye manyoya miguuni kama wamevaa soksi. Mezani sasa habari ilikuwa mbolea. Duniani hakuungua mtu tena, wala hakuna basi lililoteleza. Presha ikashuka, daktari akamsifu Fundi, na Fundi akavimba kichwa.

Kisha Mzee akaanza kuitazama simu bila kuigusa.

"Marehemu kimya," alisema siku moja, kama mtu anayesema chumvi imeisha.

"Labda ana shughuli, Baba."

"Shughuli gani? Yule?"

Akamwandikia. Hakuna jibu. Akamwandikia tena, akimtania kwamba labda safari hii amekufa kweli, na ni utovu wa adabu kumwacha mwenzake asubiri. Hakuna jibu. Simu ilionyesha kwamba kila alichoandika kimesomwa, na hilo ndilo lililomkata maini. Yaani mtu anasoma, anaweka simu chini, anaendelea na yake.

Fundi alikuwa na namba ya mtoto wa Baba Mkubwa. Alisema atampigia. Mara kliniki ikajaa, mara meno ya bibi mmoja yakavunjika katikati, mara ikawa kesho. Na tuseme ukweli, moyoni alipata ahueni kidogo. Ujumbe wa wazee hao wawili, ukiondoa matusi, ulikuwa wa magonjwa matupu: nani kavimba mguu, nani haoni vizuri. Bora Mzee abaki na kuku wake.

Mchana mmoja alimkuta jikoni, amekaa bila meno, simu imelala mbele yake juu ya meza.

"Nimemkosea nini?" Mzee aliuliza.

Fundi alikuwa anamenya viazi. Alitaka kumpoza. Alikuwa na huruma, alikuwa na haraka, na neno likamtoka laini kabisa: "Baba, watu hubadilika. Kule ana wajukuu, pengine keshapata na marafiki wapya. Usimng'ang'anie."

Mzee hakubisha. Laiti angebisha! Alikaa akalitafuna neno lile kwa fizi zake, halafu akavuta simu, akaandika polepole kwa kidole kimoja huku akisoma kwa sauti. "Kama umenichoka ungesema. Usijisumbue tena." Hakumwita Marehemu. Akatuma.

Jibu lilikuja hata viazi havijaisha. Simu ile ile iliyokuwa bubu muda wote huo ililia, na Mzee akainyakua kama kijana anayesubiri barua ya mchumba.

"Bwana, nimekuelewa. Sitakusumbua tena. Nakutakia afya njema."

"Si unaona?" Fundi alisema. "Amejibu, tena kwa heshima."

"Ameniita Bwana," Mzee alisema.

Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Fundi akaona mzee anakuza mambo, akarudi kwenye viazi.

Waliokuja kuufichua ukweli ni kuku. Picha zao zilijaa mpaka simu ikagoma kufanya kazi, na Mzee, ambaye siku hizi hakuwa na hamu hata nao, akampa Fundi aende nayo kazini akaifagie. Fundi aliifungua mezani kwake, kati ya plasta na taya za watu. Alifuta picha, akafuta video, akashuka chini zaidi akitafuta cha kufuta, ndipo akafika mahali pameandikwa: Ujumbe tuliouficha kwa ajili yako. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya neno Futa Zote alipoliona jina la Baba Mkubwa.

"Marehemu, mbona unauliza kwa nini niko kimya, na jana nimekujibu?"

"Marehemu, mbovu ni simu yako au ni wewe?"

"Marehemu, nakuja huko kwenu kutazamwa macho. Jumatano asubuhi nitashuka kituo kikuu. Njoo unishike mkono, barabara za huko sizioni sawasawa."

"Marehemu, nimefika."

"Marehemu, nimekaa hapa kwa wauza magazeti, nimevaa lile koti unalolicheka."

"Marehemu, bado nipo."

"Marehemu, basi, nimepata mtu wa kunivusha."

Baada ya hapo palikuwa na ujumbe mmoja zaidi, wa siku iliyofuata, mfupi, wa kuuliza tu kama amemuudhi kwa lolote. Halafu hapakuwa na kitu. Fundi alihesabu siku kichwani, akaona kwamba aliyekaa kituoni akisubiri kushikwa mkono ndiye aliyepokea, baada ya muda mfupi tu, lile neno la jikoni: usijisumbue tena. Akaona na la pili, ambalo lilimfanya avue glavu na kufunika uso. Katika yote aliyoandika Baba Mkubwa, simu ilipitisha jibu moja tu, lile la Bwana, na ililipitisha kwa sababu ndani yake hapakuwa na Marehemu.

Hakungoja kazi iishe. Alimkuta Mzee kibarazani, akapiga magoti mbele ya kiti chake, akamweleza yote: daktari, simu, yale maneno, lile neno. Akamwachia asome mwenyewe. Alitegemea kelele, na angezipokea kwa furaha. Mzee alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Alikuja hapa mjini," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Akavushwa na mtu."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

"Tafuta basi la kesho."

Walifika jioni, wamechoka hoi, matako hayana hisia. Mtoto wa Baba Mkubwa aliwapokea vizuri, akawapeleka sebuleni. Baba Mkubwa alikuwa amekaa karibu na dirisha, amekonda, jicho moja lina ukungu. Alipomtambua mgeni wake alisimama, akanyoosha mkono. Zamani wangekuwa wameshatukanana kabla ya kufika mlangoni.

"Karibu, Bwana," alisema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Karibu uketi."

Fundi alikuwa amejiandaa. Alitoa karatasi na kalamu nene, akaandika kwa herufi kubwa kwamba kosa ni lake, kwamba aliiambia simu ifiche neno marehemu, kwamba baba yake hakupata ujumbe hata mmoja. Baba Mkubwa aliileta karatasi mpaka puani. Alisoma, akatikisa kichwa, akamgusa Fundi begani.

"Simu imekosea, mwanangu. Simu ni simu. Nawe ulikuwa unamlinda baba yako. Sina neno na wewe."

Kisha akamgeukia Mzee, na uso wake ukabadilika.

"Lakini wewe. Mimi nilipokosa jibu lako, nilipanda basi. Wewe ulipokosa langu, uliamini nimekuchoka?"

Fundi aliikamata kalamu haraka. Alitaka kuandika kwamba hilo nalo ni la kwake, kwamba ni yeye aliyelitia kichwani mwa mzee huyu, tena huku akimenya viazi. Mzee alimshika mkono, akaichukua kalamu taratibu, akaandika neno moja, akampa mwenzake.

Niliamini.

Baba Mkubwa alilisoma kwa muda mrefu kuliko neno lenyewe lilivyohitaji. Hakukasirika. Fundi angetoa chochote akasirike, arushe kiti, ataje jembe na kaburi. Aliikunja karatasi ikawa ndogo, akaiweka mfukoni, akamwomba mwanawe alete chai.

Wakanywa chai. Wakaongea juu ya macho, dawa, wajukuu, na bei za mabasi, Fundi akiandika na Baba Mkubwa akijibu. Kila kitu kilikuwa cha kistaarabu mno. "Bwana, ongeza sukari." "Bwana, mto huo uuweke mgongoni." Mzee aliongeza sukari, akauweka mto mgongoni, akatii kila alichoambiwa. Asubuhi walipoaga, Baba Mkubwa aliwasindikiza mpaka mlangoni, akampa Mzee mkono, akamtakia safari njema, Bwana, na salamu kwa wote nyumbani.

Ndani ya basi Fundi alifungua simu ya baba yake. Machozi yalimfanya akosee kubonyeza.

"Baba, nalitoa lile neno. Nalitoa sasa hivi, uone."

Mzee alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo.

"Litoe au liache, mama," alisema. "Aliyekuwa akiniita hivyo ni mmoja tu, na leo umemsikia."