Nyuki wa Emilian Walipohara

Mume wangu Emilian hajui kukaa bure. Kitu kikiumwa atakitibu, hata kama hakijaomba. Ndiyo maana mwaka ule wa 2006, nyuki wake walipoanza kuhara na kuacha madoa ya kahawia mlangoni mwa mzinga, nilijua tumekwisha.

Ulikuwa mzinga pekee uliobaki. Nyuki hao Emilian aliachiwa na baba yake, aliyewatoa msituni enzi watu wa kwetu Mbulumbulu walipokuwa wakitundika mizinga huko. Siku hizi msitu ni wa hifadhi. Ukikutwa humo na mzinga, utajieleza kwa askari. Wakifa hawa, hana pa kwenda kuchukua wengine.

"Kuhara ni kuhara tu, Mama Brigita," akaniambia. Akatoa ule unga wa njano uliowaponya kuku wetu, akaukoroga kwenye maji ya sukari, akawawekea. Nilimwambia nyuki si kuku. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewaambukiza.

Walikunywa vizuri, hata mimi nikaanza kumsifu. Kisha wakaanza kudondoka na kutambaa chini ya mringaringa, mti uliotundikwa mzinga, mabawa yamelegea, nikawa nawafagia kama maganda ya maharage. Yeye akaongeza dawa.

Hapo nikashuka mjini Karatu kumwita Aikande, binti wa Kichaga aliyekuwa akiwasaidia wafugaji wa nyuki. Alichungulia mzingani, kisha akanusa bakuli la sukari.

"Baba, kinachowaharisha ni kijidudu ambacho dawa hii haikigusi," akasema. "Ila tumboni mwa nyuki kuna vijidudu vingine, vizuri, vinavyomsaidia kusaga chakula na kujikinga na maradhi. Dawa imeviua hivyo vizuri."

"Basi nipe dawa ya kuvirudisha, mwanangu."

"Haipo, baba. Nyuki mchanga huzaliwa hana. Huvipata kwa wakubwa wake, humo humo mzingani."

Emilian akatazama chini, walikolala wakubwa wenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kumsuta, maneno yote nimeyapanga. Yaliniishia mdomoni. Nilimwonea huruma.

Jumapili nilitoka kanisani nikamkuta amepiga magoti chini ya mti. Kidoleni alikuwa na tone la asali ya mavuno yaliyopita, na juu ya ukucha wake nyuki mchanga, bado ana manyoya mepesi.

"Asali hii ilipita vinywani mwa wakubwa wao," akasema. "Labda kuna kitu kimebaki humo."

Nikachuchumaa kando yake na nguo zangu za kanisani.

"Macho yangu siku hizi hayaoni karibu. Hebu mwangalie. Amekula?"

Nyuki alikuwa amelala ubavu, miguu imejikunja.

"Amekula, Baba Brigita."

Akamlaza taratibu kwenye jani, akachovya kidole tena, akaanza kupapasa mlangoni mwa mzinga akimtafuta mwingine.