Kipipa cha Matundu Matatu Matatu

Fundi wa friji alikuwa hajawahi kumpiga mtu mpaka Jumapili ile, na hata utotoni alikuwa wa kupigwa tu. Hasira zake zote ziliishia kwenye buni. Kila wiki aliwasha moto uani, akamimina punje mbichi za kahawa kwenye kipipa cha chuma alichokitoboa mwenyewe, akakizungusha huku ametega sikio asikie punje zikipasuka. Akimaliza alieleza jambo zima mwanzo hadi mwisho kwa yeyote asiyekimbia. Binti yake akamfungulia tovuti ili watu wa nyumbani wapumue.

Vipipa vya namna ile alivitengeneza viwili tu. Matundu yake yalikaa matatu matatu, kwa sababu alipima kwa kipande cha bati chenye vitobo vitatu na akaona uvivu kutafuta kingine. Kimoja alikaa nacho. Cha pili, chenye mpini wa mbao uleule, alimpa mdogo wake wa kike siku alipoolewa na dereva wa lori.

Kwa miezi minne tovuti ilisomwa na watu kumi na wanne, na kumi kati yao ni yeye mwenyewe. Halafu wakaja maelfu, na wote walifikia ukurasa mmoja: ule aliosimulia alivyoegemeza mkono kwenye kipipa cha moto, akabaki na doa jekundu lenye vitone vitatu vitatu visivyoungua. Aliuandika kwa kuchekesha. "Vaa mikono mirefu," aliwaambia wasomaji, "na ukiulizwa, sema umemwagikiwa na birika. Mke wangu anaamini mpaka leo."

Kichwa kikamvimba. Alipoalikwa chakula kwa mdogo wake hakuacha mtu aongee. "Elfu tatu kwa wiki, shemeji," alimwambia dereva. "Watu wana kiu ya kahawa, wewe hujui tu." Shemeji alicheka akampiga mgongoni. Mdogo wake aliwamiminia vikombe, kisha akakaa kwenye ncha ya kiti bila kuegemea, na yeye fundi alikuwa na maneno mengi mno kuliona hilo.

Jumapili asubuhi binti alimwita kwenye kompyuta. "Baba, njoo uone maneno wanayotafuta mtandaoni kabla ya kufika kwako."

Hakuna aliyetafuta kahawa. Mmoja aliandika: jinsi ya kuficha alama ya kuungua. Mwingine: nimwambie nini daktari nikiungua. Mwingine: mume amenichoma na pasi, dawa gani. Mistari ilishuka hivyo, mamia kwa mamia, na wote mtandao uliwaleta kwake, akawafundisha kusema birika. Fundi aliona aibu hadi masikio yakamwasha. Akataka kuufuta ukurasa papo hapo.

"Ngoja, huyu anakijua kipipa chako," binti alisema, akaweka kidole kwenye kioo. Iliandikwa: alama ya kuungua vitone vitatu vitatu mgongoni. Mtu huyo alitafuta mara tano ndani ya wiki moja.

Fundi alisoma mpaka neno la mwisho, akalirudia. Mtu hajiunguzi mgongoni kwa bahati mbaya. Na kipipa cha pili alikijua kiko nyumba gani.

Alifika kwa mdogo wake bila kujua alivukaje barabara. Jikoni kipipa kilikuwa motoni, mdogo wake akikizungusha, na shemeji amekaa peku mezani akingoja kahawa yake.

"Mdogo wangu, nionyeshe mgongo."

Mkono wa dada ukasimama juu ya mpini.

"Shemeji, hata salamu?" dereva alisema akiinuka. "Unaingia kwangu kumvua mke wangu nguo?"

Fundi alimpiga ngumi ya mdomo. Ilikuwa ngumi mbovu, iliumiza vidole vyake kuliko ule mdomo. Shemeji alijifuta damu kwa utulivu wa mtu aliyezoea, akachukua mchi wa kinu pale pembeni, akamshindilia nao mbavuni. Kitu kilivunjika ndani, fundi akakisikia. Mchi wa pili ulimpata tayani na jino likamlalia ulimini. Alipoanguka alilivuta jiko, kipipa kikabingirika na punje za moto zikatawanyika sakafu nzima. Shemeji alipiga hatua amalizie kazi, akazikanyaga kwa nyayo tupu, akapiga yowe na kwenda chini, kisogo kikigonga ukingo wa meza.

Fundi alimpanda kifuani. Hakuutafuta mpini. Alikibeba kipipa kwa viganja vyote viwili kilivyokuwa, chekundu upande wa chini, akakiinua juu ya uso wa yule mtu. Hakusikia moto. Alitaka kusikia uso ule ukiungua, alilitaka hilo kuliko chochote maishani mwake.

"Kaka, kiweke chini."

"Bado unamtetea?"

"Simtetei." Dada yake alikuwa amesimama kando ya ukuta. "Ukimchoma, tutafika polisi na wanaume wawili waliopigana. Mgongo wangu hakuna atakayeuuliza."

 Kisha fundi akakiweka kipipa chini, na baadhi ya ngozi yake ikabaki juu ya chuma. Majirani waliokwisha kujaa mlangoni wakamfunga shemeji kwa kamba ya kuanikia nguo.

Kituoni askari wa kike alifungua kadi ya zahanati ya mdogo wake. "Hapa uliandikisha birika."

"Si ndiyo hivyo, afande," shemeji alisema kutoka kwenye benchi, mdomo umevimba. "Birika. Huyu kaka yake ndiye mwendawazimu."

"Hayo maneno ni yangu," fundi alisema. Jino lililotoka lilimfanya aongee vibaya, ikabidi arudie. "Niliyaandika mimi. Yeye aliyasoma tu."

"Na mimi nitajuaje kilichomchoma?"

 Mdogo wake aligeuka, akashusha blauzi mpaka katikati ya mgongo. Alama zilikuwa nne, nyingine za zamani. Fundi alifungua kwa meno vitambaa vibichi alivyofungwa mikononi, akavitandaza viganja vyake kando ya bega la mdogo wake. Nyama nyekundu, na ndani yake vitone vitatu vitatu, vilevile, vimepangwa vilevile.

Askari alitazama viganja, akatazama mgongo, akarudi kwenye viganja. Akapiga mstari juu ya neno birika.

"Jina lako kamili," alimwambia shemeji.