Kipumulio Kipi Bora

Mume wangu Mageto na rafiki yake Kipyegon ni wapiga mbizi, hapa hapa Sosiot kwenye majani chai. Wanazamia kwenye mabwawa ya mashamba makubwa kuzibua mabomba ya pampu. Kila mmoja ana kipumulio chake cha zamani, kile unachouma mdomoni ukiwa chini ya maji kikuletee hewa ya mtungi. Cha Mageto ni cha Marekani, kifuniko cha chuma. Cha Kipyegon ni cha Italia, plastiki nyeusi. Ubishi wao hauishi.

Jumamosi waliuleta kando ya pipa la maji ya ng'ombe wangu. Nilichoka.

"Jifungeni macho," nikasema, nikiwapa vitambaa. "Mikono nyuma. Nitawawekea mdomoni mwenyewe, mniambie kipi bora."

Mageto aliingiza kichwa ndani ya pipa mara mbili, akaibuka akitiririka maji. "Cha kwanza ni changu, Mama Kemuma. Hewa inakuja yenyewe. Cha pili ni kama kuvuta ugali kwa mrija."

Kipyegon naye akajaribu mara mbili. "Shemeji, cha kwanza kizito, hicho ni chake. Cha pili ni changu, hata mtoto atajua."

Wakaanza kubishana tena, macho yamefungwa vile vile. Nikawavua vitambaa.

Kipumulio cha Marekani kilikuwa mkononi mwangu, kinadondosha maji. Cha Italia kilikuwa ndani ya begi la Kipyegon, kikavu, zipu haijaguswa tangu asubuhi.

Ng'ombe wangu wakanywa maji.